Changuu: Gereza Lisilofunga Mtu

Mwaka 2001, nikiwa bado kijana wa kupenda vina kuliko ukweli, nilitunga shairi la beti kumi na mbili juu ya kisiwa cha Changuu. Kisiwa chenyewe sikuwa nimekiona hata kwa mbali. Nilikuwa nyumbani Levolosi, mjini Arusha, ambako kuifikia bahari ni safari ya kutwa, na elimu yangu yote juu ya Changuu ilikuwa picha ya kalenda iliyotundikwa katika duka la jirani: ukuta mnene wa mawe, malango ya matao, na nyuma yake maji ya rangi ya feruzi. Chini ya picha paliandikwa kwamba humo ndimo walimofungwa watumwa. Basi nami nikawafunga humo. Nikawaliza kwa beti kumi na mbili, na kila niliposoma shairi lile hadharani hawakukosekana waliofuta machozi.

Mwezi wa Julai uliopita nilikwenda Changuu kwa mara ya kwanza. Nilikwenda kupumzika siku mbili, sikwenda kuchunguza. Lakini nilirudi na deni, na deni la mshairi hulipwa palepale alipokopa, yaani mbele ya wasomaji. Makala haya ni malipo yangu.

Wageni wa Ulaya niliovuka nao kutoka Dar es Salaam waliiita safari yao safari ya kiangazi. Sisi wa Arusha mwezi huo tunaujua kwa blanketi. Ukungu hushuka kutoka mlima Meru ukalala juu ya mabati, na wauza mboga wa soko la Kilombero hupanga bidhaa zao wakiwa wamejitanda mashuka hadi masikioni. Watu wa Unguja wana jina lao la majira hayo, kipupwe, na upepo wake ni kusi. Ifikapo Desemba upepo hugeuka ukawa kaskazi, joto likapanda, na majahazi ya kale yalikuwa yakifika na upepo huo kutoka Bara Hindi, Uarabuni na Ghuba. Msomaji aliyezaliwa pwani hahitaji kufunzwa jambo hili na mtu wa mlimani. Namwomba tu ayashike mkononi majina haya mawili, kusi na kaskazi, kwa kuwa tutayahitaji mbele.

Safari yangu yenyewe ilikuwa na funzo kabla sijaiona bahari. Basi la kutoka Arusha hupita Moshi, likaambaa na milima ya Upare na Usambara hadi Korogwe na Segera, ndipo likakata kuelekea Chalinze. Kwa sehemu kubwa ya mwendo huo bonde la mto Pangani liko mkono wa kulia. Misafara ya karne ya 19 ilipita bonde hilo, ikipanda kutoka mji wa Pangani hadi Uchagani, Meru na nchi ya Wamasai. Ilipanda na nguo, shanga na nyaya za shaba. Iliteremka na pembe za ndovu na, si mara chache, na watu.

Iliteremka pia na kitu ambacho hakuna mfanyabiashara aliyekinunua. Mwaka 1869 kipindupindu kilishuka kutoka nchi ya Wamasai hadi Pangani, kikavuka bahari mpaka Unguja, kikaua maelfu ya watu. Tabibu James Christie, aliyekuwa akiishi Unguja miaka hiyo, aliifuata njia ya ugonjwa huo hatua kwa hatua, kituo kwa kituo, akachapisha matokeo yake katika kitabu mwaka 1876. Nilikuwa nikiwaza habari hiyo huku nimeegemea dirisha la basi. Tumezoea kusema kwamba bara ilipokea kila kitu kutoka pwani: lugha, nguo, dini, biashara. Tunasahau kwamba pwani nayo ilipokea kutoka kwetu, na kwamba vingi katika hivyo, msiba mmojawapo, vilikwenda kwa miguu kwa njia hii ninayoipita nimekaa kitini.

Mwenyeji wangu Unguja ni mshairi wa makamo yangu, mkazi wa Malindi, ambaye tumeandikiana barua kwa miaka mingi kabla ya kuonana. Asubuhi ya pili alinipeleka ufukweni kutafuta chombo. Kijana mwenye mashua alinitazama nilivyokunja suruali kwa hofu, akanisalimu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee si wa hapa."

"Natoka Arusha."

"Basi karibu. Leo bahari imekustahi, kusi limelala."

Tulivuka kwa muda wa nusu saa hivi. Changuu ni kisiwa kidogo, urefu wake haufiki kilomita moja, nacho kiko kaskazini magharibi ya Mji Mkongwe, karibu kiasi cha kuuona mji wote ukijipanga juu ya maji: Beit el Ajaib, minara ya misikiti, na minara miwili ya kanisa la Wakatoliki. Jina lake ni la samaki, changu tumjuaye sote sahanini. Waliwahi pia kukiita Kibandiko, jina ambalo leo halitamkwi sana. Mchanga wake ni mweupe, maji yake yanaonyesha nyayo zako, na nisingekuwa mkweli kama nisingesema kwamba kwa saa nzima ya kwanza sikukumbuka historia yoyote. Nilikaa majini hadi kifuani kama mtoto. Mwenyeji wangu alikaa kivulini akinicheka.

Baadaye tulipanda kwenda kuuona ukuta wa kalenda. Ulikuwa vilevile: mnene, mkongwe, na matao yake yakitazama bahari. Muongozaji mmoja alikuwa akiwaeleza wageni kwamba katika vyumba vile watumwa walitiwa minyororo. Wageni walinyamaza, mmoja akavua kofia. Mwenyeji wangu aliniinamia sikioni akanong'ona: "Bwana, jengo hili ni la 1894."

Hakuongeza neno, wala haikuhitajika. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwezi wa Juni 1873, kwa mkataba ambao Seyyid Barghash alilazimika kuutia saini kwa shinikizo la Waingereza. Kati ya mwaka huo na ukuta wangu ipo miaka 21. Sikumlaumu yule muongozaji hata kidogo. Yeye alisema kwa nathari jambo ambalo mimi nililitungia vina.

Sasa tuiweke habari ya kisiwa katika mpangilio wake.

Katika miaka ya 1860, enzi za Seyyid Majid, Changuu ilitumika kuwaweka watumwa walioonekana wakaidi, wakingoja kupelekwa ng'ambo au kurudishwa sokoni mjini. Hilo ni kweli, na ni kweli ya kutisha. Wengi wa watu waliouzwa Unguja miaka hiyo walitoka kusini, pande za ziwa Nyasa, wakapitishwa Kilwa. Wachache wao waliletwa kwa njia ya Pangani. Jengo la watu hao, kama lilikuwapo la maana, halikubaki. Hakuna tao, hakuna lango, hakuna jina lililochongwa juu ya jiwe.

Mwaka 1893 kisiwa kilinunuliwa na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuja Unguja akiwa ofisa wa jeshi la majini, akaunda jeshi la Sultani mwaka 1877, kisha akawa waziri wa kwanza wa serikali ya Zanzibar kuanzia 1891 hadi alipofariki mwaka 1901. Mathews alikusudia kujenga gereza, na mwaka 1894 majengo yalikuwa yamesimama. Lakini hakuna mfungwa aliyepelekwa. Hofu ya magonjwa yanayokuja na vyombo iliishinda haja ya gereza, na kile kilichojengwa kwa ajili ya wahalifu kikageuzwa kituo cha karantini. Basi jengo ambalo dunia nzima inalipiga picha kwa jina la gereza halikupata kuwa gereza hata siku moja, na kisiwa kilichopachikwa jina la Kisiwa cha Gereza kimepewa jina la jambo ambalo halikutokea.

Ikumbukwe kwamba utumwa wenyewe haukwisha na soko. Sheria iliendelea kuutambua hapa Unguja hadi mwaka 1897. Kwa hiyo siku mawe ya ukuta ule yalipokuwa yakipangwa, walikuwapo mjini na mashambani watu waliokuwa bado mali ya watu. Ila hawakuwa nyuma ya ukuta huo. Walikuwa mahali ambapo hakuna anayepiga picha: jikoni, kisimani, chini ya mikarafuu.

Hapa ndipo pepo zetu mbili zinapoingia. Kituo cha karantini kilikuwa na kazi hasa kati ya Desemba na Machi, majira ya kaskazi, vyombo vilipofika kwa wingi kutoka ng'ambo. Abiria walioshukiwa walishushwa Changuu wakasubiri siku zao, wakiutazama mji ambao wangeweza karibu kuuhesabia madirisha. Kaskazi ikiisha, kazi ya kituo ikaisha nayo. Miezi iliyobaki ya mwaka, kusi likivuma na hewa ikiwa nzuri, kisiwa kilikuwa mahali pa kutembelea na kupumzikia. Ilijengwa hata nyumba ya Wazungu, na watu wa mji wenye nafasi walivuka kwa mapumziko ya siku chache, kama nilivyovuka mimi.

Nilipokwisha kulielewa jambo hili nilikaa chini juu ya ngazi za jengo. Ufuo nilioogelea asubuhi ulikuwa uleule. Aliyefika na kaskazi aliukuta ni kizuizi, na aliyefika na kusi aliukuta ni starehe. Kisiwa hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni upepo uliomleta mtu, na kama alipofika alikuwa na ruhusa ya kuondoka.

Mfasiri ana ugonjwa wa kugeuza kila kitu kuwa maneno, nami sikupona kwa kwenda likizo. Tuyatazame maneno matatu ya kisiwa hiki.

La kwanza ni gereza. Wanaochunguza asili ya maneno wanatuambia limetoka kwa Wareno, na kwao lilikuwa na maana ya kanisa. Wareno walijenga makanisa yao ndani ya ngome. Walipoondoka, ngome zikawa mahali pa kufungia watu, na neno likabaki na kufuli bila ya sala. Zanzibar ya leo imeliweka neno hilo kando katika shughuli zake rasmi, kwani mahali pa wafungwa panaitwa Chuo cha Mafunzo. Gereza limebaki Changuu, mahali pekee ambapo hapajapata kuwa na mfungwa wa gereza.

La pili ni karantini. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, uliamuru kwamba wageni wanaotoka penye tauni wakae kando siku thelathini kabla ya kuingia. Baadaye siku ziliongezwa zikawa arobaini, na kutokana na arobaini hiyo ya Kiitaliano likazaliwa neno karantini. Msomaji wa pwani asilione geni. Nasi tuna arobaini zetu: arobaini ya mzazi na mtoto wake, arobaini ya maiti, na zile siku arobaini za mwizi. Kila mahali binadamu amekubaliana na mwenzake kwamba mambo mazito yapewe muda huo yajidhihirishe. Mwaka 2020 neno hili lilirudi midomoni mwa watu wote, hata watoto wa Levolosi wakalicheza barabarani: mmoja akijifanya mgonjwa, wenzake wakamchorea duara la chaki asitoke. Wakati ule sikujua kwamba duara hilo nilikwisha kuliimba bila kulijua, na ya kwamba lilikuwa la mawe.

La tatu ni mapumziko. Halina safari ndefu. Ni letu, nalo ni jamaa wa pumzi. Apumzikaye hurudishiwa pumzi. Nilipolifikiria hivyo niliona aibu kidogo, kwa kuwa watu wa kwanza waliopelekwa Changuu kutoka bara walipelekwa ili pumzi zao zipungue, warejeshwe sokoni wakiwa watulivu. Mimi ni mtu wa bara niliyekwenda kwa nauli yangu nikarudi na pumzi zaidi. Sisemi haya kuamsha fitina za nani alimfanya nini nani. Waliouza walikuwa wengi, bara na pwani, na wengine walikuwa wa nyumba moja na waliouzwa. Nasema ili hesabu ya wageni wa kisiwa ianze pale ilipoanza.

Yako pia makobe, na hakuna aendaye Changuu asiulizwe habari zao. Mwaka 1919 gavana wa Shelisheli alitoa zawadi ya kobe wanne wa asili ya Aldabra. Walizaana vyema, na kufikia mwaka 1955 walikuwa 200. Kisha wakaanza kuibwa, wengine kwa kuuzwa, wengine kwa kitoweo, hata mwaka 1996 walikuwa wamebaki saba. Makinda yaliletwa mwaka huo kuongeza idadi, nayo mengi yakaibwa, mpaka pakajengwa ua wa kuwalinda. Leo wanalishwa majani na wageni, na umri umeandikwa kwa rangi juu ya magamba yao.

Mmoja alinyoosha shingo yake yenye makunyanzi akala mchicha mkononi mwangu bila haraka, na yule kijana wetu wa mashua akasema kobe huyo amewaona watumwa kwa macho yake. Ingekuwa beti nzuri. Mwaka 2001 ningeiandika papo hapo. Lakini aliyeletwa baada ya 1919 hakuona kilichotendeka hapa katika miaka ya 1860. Naye ni msafiri aliyepakiwa chomboni bila kuulizwa, na hilo linamtosha; tusimtwike ushahidi asiokuwa nao.

Nasi wa Arusha tusijitoe. Lipo Boma la Wajerumani katikati ya mji wetu, lililomalizika mwaka 1900, na leo ni makumbusho ya viumbe asilia. Nimekaa mara nyingi katika ua wake nikinywa soda, nikisoma, nikipigwa na jua la saa kumi, bila kuuliza ni nani waliobeba mawe yake na kwa ujira gani. Ngome nyingi za pwani na za bara zimeishia hivyo, penye viti na vivuli. Si vibaya. Mahali pa mateso pakigeuka pa starehe, hiyo ni nusu ya haki. Nusu ya pili ni kusema lililotokea, na kulisema sawasawa.

Maana wapo watakaoniambia: Bwana, ubaya uko wapi? Watumwa walikuwapo kisiwani, ukuta upo, machozi yalikuwa ya kweli. Miaka thelathini huku au kule itamdhuru nani? Nami nilijitetea hivyo usiku mzima, nikiwa Malindi, usingizi umenikataa. Jibu nililolipata ni hili. Nilipowaweka watu wale nyuma ya ukuta wa Mathews niliwapa nyumba isiyokuwa yao. Msikilizaji aliridhika, akadhani ameona mahali pao. Hakuhitaji tena kuuliza walilala wapi, walikunywa nini, walipanda chombo gani, waliitwa nani kwao. Ukuta ule ulinijibia maswali ambayo jibu lake la kweli ni mchanga mtupu. Mchanga huo mtupu ndio ushahidi wao, kwani waliotendewa hivyo hawakuachiwa hata gofu la kuonyeshwa wageni. Beti zangu kumi na mbili ziliufukia mara ya pili.

Miaka ya karibuni visiwa vidogo vinavyoizunguka Unguja vimekuwa vikikodishwa kwa wawekezaji, na wageni wataongezeka. Sina ugomvi na hilo, kwani nami nilikuwa mgeni na niliogelea. Ninalotamani ni dogo. Pale langoni pawekwe ubao wenye maneno machache: kwamba jengo hili lilijengwa kuwa gereza mwaka 1894 na halikufunga mtu, kwamba lilikuwa karantini, na kwamba kabla yake, mahali fulani kisiwani humu pasipojulikana tena, waliwekwa watu ambao majina yao hatunayo. Muongozaji atalisema hilo kwa dakika mbili, na atakayevua kofia yake ataivua kwa jambo lililo kweli.

Jioni ya siku ya pili kusi liliamka. Kijana wetu alitutaka tuondoke mapema, nasi tukaondoka kwa sababu tuliweza kuondoka. Mashua ilipogeuza omo kuelekea mjini nilitazama nyuma, na kutoka mbali jengo halikuonekana kabisa. Ilionekana miti, na mstari mweupe wa mchanga chini yake.

Lile shairi la 2001 nimelifuta katika daftari langu. Kati ya beti kumi na mbili sikubakisha hata moja. Nimetunga moja badala yake, na kwa kuwa deni ni la hadharani, nailipa hapa:

Ukuta niliuimba, haukufunga mtwana,
Waliokuja kwa kamba, hawakuandikwa jina,
Hawakuachiwa jumba, liwataje kwa bayana,
Radhi zenu ninaomba, kimya chao nakiona.